Kabla Hatujamfukuza Kocha Mwingine

Jumapili moja jioni, jua likielekea kutua upande wa Thika na Kilima Mbogo kikianza kuvaa weusi wake, nilijikuta katikati ya baraza la wapenzi wa kandanda katika soko la Ngoliba. Ingwe ilikuwa imefungwa tena. Redio ilikuwa imezimwa kwa hasira, chai ilikuwa imepoa vikombeni, na kila mtu alikuwa amejitwalia cheo cha ukocha bila ya kuombwa. Mwendesha bodaboda mmoja alidai kwamba kiungo fulani hakufaa kuanza mechi. Mwuza mboga akasema mlinda lango alipaswa kubadilishwa wakati wa mapumziko. Mzee mmoja, aliyefika sehemu hizi akiwa kijana kutafuta kibarua katika mashamba makubwa ya upande huu wa Thika, na ambaye tangu hapo hajapata kuibadilisha timu yake, alipiga meza kwa kiganja na kutoa hukumu: "Kocha aende! Aende kesho!"

Wote tuliitikia. Nami niliitikia, tena kwa sauti kubwa.

Ndipo kijana mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa ameketi kando na daftari lake mapajani, aliponigeukia kwa adabu na kusema, "Mwalimu, naomba kuuliza." Nikamwambia aulize. Akasema, "Huyu akienda atakuwa kocha wa ngapi? Na hao wote, waliajiriwa na nani?"

Mzee alimtazama kwa muda, kisha akacheka kidogo na kusema, "Mwanangu, hilo ni swali la shuleni." Mazungumzo yakaendelea. Lakini mimi nilirudi nyumbani na swali hilo, na sijaweza kuliondoa moyoni. Naliandika leo kwa sababu naamini si swali la shuleni tu. Ni swali ambalo sisi mashabiki wa kandanda katika Kenya tumelikwepa kwa muda mrefu, na kulikwepa huko kumetugharimu sana.

Kwa faida ya wanafunzi ambao hawakuwa wamezaliwa, nieleze kwanza uchungu huu unatoka wapi. Klabu ya AFC Leopards ilianza mwaka wa 1964 ikiitwa Abaluhya. Mwaka wa 1980, serikali ilipoagiza vilabu viache majina ya kikabila, ikajibatiza jina linalojulikana hadi sasa. Huko ndiko alikotamba Joe Kadenge, ambaye jina lake lilijulikana hata na watu ambao hawakuwahi kuutia mguu wao uwanjani. Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka wa 1980, ikautwaa tena mwaka wa 1981, na tena mwaka wa 1982. Ikatwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka wa 1982, 1983 na 1984, miaka mitatu mfululizo. Wakati huo mlinda lango Mahmoud Abbas, mlinzi Josephat Murila, na washambuliaji Wilberforce Mulamba na Joe Masiga walikuwa majina ya kuitwa na watoto wakicheza mpira wa matambara, kila mtoto akijichagulia awe nani.

Taji la mwisho la ligi kuu lililetwa nyumbani mwaka wa 1998. Tangu hapo misimu imepita, klabu ikashuka daraja katikati ya miaka ya 2000, ikarejea, ikapata vikombe vya mtoano, vikiwemo vya mwaka wa 2013 na 2017, lakini ubingwa wa ligi haukuonekana. Msimu wa 2024/25 ulipomalizika na Kenya Police kutawazwa mabingwa kwa mara ya kwanza, ilikuwa imetimia miaka 27 tangu Ingwe iunyanyue. Mtu aliyezaliwa mwaka ule wa 1998 alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, pengine mwalimu mwenye darasa lake, na hajaona timu ya babake ikiwa bingwa wa Kenya.

Katika miaka hiyo yote tumekuwa na dawa moja tu. Timu ikifungwa, kocha aende. Basi na tuipime dawa hiyo kwa hesabu, maana hesabu haina ushabiki.

Twende tangu mwanzo wa mwaka wa 2016 hadi mwisho wa mwaka wa 2019. Alikuwapo Ivan Minnaert kutoka Ubelgiji. Akaja Stewart Hall, Mwingereza. Akafuata Dorian Marin kutoka Romania. Baada yake Robert Matano, Mkenya mwenzetu. Kisha Rodolfo Zapata kutoka Argentina. Kisha Nikola Kavazovic. Kisha Marko Vasiljevic. Kisha Casa Mbungo André kutoka Rwanda. Hao ni makocha wanane katika miaka minne, na sijawahesabu wasaidizi walioshikilia usukani kwa muda, kila mara kiti kilipokuwa kitupu. Kwa wastani, kila mmoja alipata miezi sita.

Wanafunzi na walimu wenzangu, hebu tuilete hesabu hiyo darasani. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza Januari 2016 alifanya mtihani wake wa KCSE mwishoni mwa mwaka wa 2019. Tuseme katika miaka hiyo minne amefundishwa hisabati na walimu wanane. Wa kwanza anaanza aljebra, na kabla hajamaliza anaondoka. Wa pili anasema aljebra itangoja, tuanze na jiometri. Wa tatu anasema mliyofundishwa yote yalikuwa makosa. Wa nne anafaulu kidogo, naye haonekani muhula unaofuata. Wa tano hajui majina ya wanafunzi, wa sita haji kuyajua kamwe. Matokeo yakitangazwa na mtoto huyo akiwa amepata alama ya E, ni mzazi gani mwenye akili timamu atakayemlaumu mwalimu wa nane peke yake? Je, hatuendi moja kwa moja ofisini kuuliza shule hii inaendeshwa vipi?

Kazi ya kocha haikamiliki kwa kupanga wachezaji kumi na mmoja siku ya mechi, ingawa sisi tulio nje huiona hiyo tu. Kocha huchagua wachezaji wa kusajiliwa kulingana na mtindo anaoutaka. Kocha anayependa mpira wa chini atataka viungo wenye akili na subira. Anayependa mipira mirefu atataka washambuliaji warefu wenye nguvu. Akifukuzwa, wale aliowasajili hubaki. Anayekuja huwakuta, hawapendi, naye hutaka wake. Wa kwanza wanakalishwa benchi huku mikataba yao ikiendelea kudai mishahara, na wa pili wanasajiliwa kwa fedha ambazo hazipo. Baada ya mabadiliko manne ya namna hiyo, klabu inakuwa kama ghala la vipuri vya magari manne tofauti: vitu ni vingi, na hakuna gari linalowaka.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo halijadiliwi sana katika baraza la Ngoliba, nalo ni fedha. Agosti 2019, baada ya mgogoro wake na serikali kuhusu kodi na leseni, kampuni ya michezo ya kubahatisha ya SportPesa iliondoa udhamini wake katika michezo ya Kenya. Vilabu vya AFC Leopards na Gor Mahia vilikuwa vikiutegemea udhamini huo kama mtoto anavyotegemea titi. Mishahara ikakatika. Kufikia Desemba mwaka huo, Casa Mbungo aliondoka akilalamikia malipo yake. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Lakini habari haikuishia pale kituo cha basi alipopunga mkono wa kwaheri. Madai yake, pamoja na ya wachezaji wa kigeni waliokuwa wameajiriwa wakati huo, yalifika FIFA. Na mwaka wa 2021 klabu ikazuiwa kusajili wachezaji wapya mpaka ilipe madeni. Hivyo kocha aliyefuata alilipia deni ambalo hakulikopa. Mashabiki tukamwona hana wachezaji wa kutosha, tukasema hajui kazi.

Wala si vilabu peke yake. Agosti 2014 shirikisho la kandanda la nchi lilimwachisha kazi Adel Amrouche, aliyekuwa akiifundisha Harambee Stars, mkataba wake ukiwa haujakwisha. Siku ile wengi tulishangilia. Baadaye shauri lilipoamuliwa, shirikisho lilitakiwa kumlipa zaidi ya shilingi milioni 100. Hebu fikirini ni mipira mingapi, ni viwanja vingapi vya shule za msingi, ni safari ngapi za timu za vijana zilizo ndani ya fedha hizo. Uamuzi ulifanywa na watu wachache kwa hasira ya kushindwa, na gharama yake ikaangukia mchezo wenyewe. Ni nani kati ya waliotia sahihi aliyeulizwa?

Sasa tumfuate mmoja wa wale makocha wanane, maana safari yake ina funzo. Robert Matano aliichukua Ingwe mwaka wa 2017 ikiwa taabani, na Oktoba mwaka huo akaiongoza kutwaa kombe la GOtv Shield kwa kuifunga Kariobangi Sharks. Ungedhani mtu wa namna hiyo angepewa msimu mzima ajenge timu. Msimu wa 2018 ulipoanza, kocha alikuwa mwingine. Matano akaenda Tusker. Huko hakuwa bingwa mara moja. Ilipita misimu, timu ikapanda na kushuka, na nina hakika wapo waliotaka aondolewe. Hakuondolewa. Mwaka wa 2021 Tusker ikawa bingwa wa Kenya, na mwaka wa 2022 ikawa bingwa tena, kocha akiwa yule yule. Mtu mmoja, akili ile ile, ukali ule ule wa maneno unaojulikana na kila mwandishi wa michezo. Kilichokuwa tofauti ni ofisi iliyokuwa nyuma yake.

Najua nitajibiwa kwamba Tusker ni timu ya kampuni, mishahara hulipwa mwisho wa mwezi na hakuna uchaguzi wa wanachama wala vurugu za makundi. Ni kweli, na ndiyo hoja yangu. Hata Kenya Police ina taasisi kubwa nyuma yake. Tofauti kati ya timu hizi na timu zetu za wananchi ipo zaidi katika karatasi za ofisini kuliko katika miguu ya wachezaji. Ikiwa ni hivyo, kwa nini hasira yetu yote huishia kwenye benchi la kocha?

Nitajibiwa pia, na hili ni jibu lenye uzito zaidi, kwamba ziko timu zilizobadilisha kocha zikafaulu. Mahasimu wetu Gor Mahia walikaa bila ubingwa wa ligi tangu mwaka wa 1995. Mwaka wa 2013, Zdravko Logarusic aliondoka katikati ya msimu, akaja Bobby Williamson kutoka Scotland, na mwaka huo huo wakautwaa ubingwa baada ya miaka 18. Mwaka wa 2015, chini ya kocha mwingine, Frank Nuttall, wakamaliza ligi bila kushindwa hata mechi moja. Haya ni ya kweli na siyafichi. Kubadilisha kocha si dhambi. Yuko kocha asiyefaa, kama alivyoko mwalimu asiyefaa, na kumwacha kazini kwa jina la subira ni kuwadhulumu walio chini yake.

Lakini tutazame kwa makini kilichotokea. Williamson hakukuta magofu. Alikuta kikosi kilichokwisha kujengwa na wachezaji wanaoelewana. Usukani ulibadilishwa mikono, na gari lilikuwa linakwenda. Na tuwatazame Gor Mahia hao hao miaka saba baadaye, fedha zilipopungua. Mwishoni mwa mwaka wa 2020 walimwajiri Roberto Oliveira kutoka Brazil, kisha ikabainika kwamba vyeti vyake havikutosheleza masharti ya Shirikisho la Kandanda la Afrika. Kocha hakuruhusiwa kukaa kwenye benchi katika mechi za bara! Mwalimu wa shule ya msingi hapa Kenya hawezi kuingia darasani kabla Tume ya Kuwaajiri Walimu haijaviona vyeti vyake. Ilikuwaje klabu iliyotwaa kombe la Afrika mwaka wa 1987 ikaajiri kwanza na kusoma vyeti baadaye? Hilo si kosa la mbinu za uwanjani. Ni kosa la meza ya ofisi, na waliokaa kwenye meza hiyo hawakuzomewa na mtu.

Vijana wetu, ambao wengi wao wanazijua timu za Uingereza kuliko za hapa nyumbani, wanao mfano mzuri huko wanakokutazama. Alex Ferguson alipewa Manchester United Novemba 1986. Hakupata kombe lolote hadi Mei 1990, na mashabiki walikuwa wamekwisha kuandika mabango ya kumtaka aende. Ubingwa wa ligi ulikuja mwaka wa 1993, na alipostaafu mwaka wa 2013 hapakuwa na wa kulinganishwa naye. Arsenal nao walimwajiri Mikel Arteta Desemba 2019. Timu ikamaliza nafasi ya nane mwaka wa 2020, na ya nane tena mwaka wa 2021. Waliomwajiri walikuwa na mpango, nao wakausimamia. Ikafika ya pili mwaka wa 2023, 2024 na 2025. Sisemi kwamba subira huzaa taji kila mara. Nasema kwamba subira yenye mpango inaweza kupimwa, na hasira haiwezi kupimwa kwa chochote isipokuwa kelele zake.

Wako watakaosema kwamba tatizo letu ni uhaba wa vipaji. Agosti 2025 iliwajibu. Katika mashindano ya CHAN, ambayo huchezwa na wachezaji wa ligi za nyumbani tu, Harambee Stars chini ya Benni McCarthy iliifunga Kongo ya Kinshasa, ikatoka sare na Angola, ikaifunga Morocco na kuifunga Zambia, kabla ya kutolewa na Madagascar katika robo fainali kwa mikwaju ya penalti. Morocco hiyo ndiyo iliyotwaa kombe lenyewe mwishoni. Wale walikuwa vijana wa ligi yetu hii hii tunayoidharau. Tofauti ni kwamba katika majuma yale walikuwa na maandalizi, walikuwa na utulivu, na Rais alikuwa ameahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila ushindi. Mchezaji asiyejua kodi ya nyumba itatoka wapi hawezi kukimbia kama yule anayejua.

Basi tufanye nini, sisi ambao kazi yetu ni kushangilia na kulalamika?

Kwanza, tuyajue mamlaka yetu. Klabu kama Ingwe si mali ya mwenyekiti wala ya mdhamini; ni mali ya wanachama. Sheria ya Michezo ya mwaka wa 2013 inataka vilabu viandikishwe na kuendeshwa kwa katiba yenye uchaguzi wa viongozi, na ikaunda Baraza la kuamua mizozo ya michezo. Mwenye haki ya kuuliza hesabu ni mwanachama aliyelipa ada yake. Wengi wetu katika baraza lile la Ngoliba hatujawahi kulipa ada hiyo hata mara moja. Mimi ni mmoja wao, na nasema hivyo kwa aibu.

Pili, tubadilishe maswali yetu. Kabla ya kuuliza kwa nini mshambuliaji fulani hakuchezeshwa, tuulize mkataba wa kocha ni wa muda gani na kumwachisha kutagharimu kiasi gani. Tuulize mishahara imelipwa hadi mwezi upi. Tuulize ni nani aliyevichunguza vyeti vyake, na alitakiwa kutimiza nini kufikia lini. Tuulize hesabu zilizokaguliwa zilisomwa lini mbele ya wanachama. Kiongozi anayejibu maswali hayo kwa karatasi mkononi anastahili subira yetu. Anayejibu kwa kumfukuza kocha anatupumbaza, kwa maana amekwisha kutambua kwamba kichwa cha mtu mmoja hututosha kwa miezi sita.

Tatu, tuache kuziharibu timu zetu kwa mikono yetu wenyewe. Machi 2012, katika mchuano wa Gor Mahia na AFC Leopards, viti vya Uwanja wa Nyayo viling'olewa na kurushwa. Klabu isiyo na uwanja haina fedha za milangoni, na isiyo na fedha haimlipi kocha. Ukijumlisha, utaona kwamba aliyeng'oa kiti alishiriki pia katika kumfukuza kocha.

Msidhani mambo haya ni ya Nairobi tu. Hapa karibu nasi tulikuwa na Thika United, timu iliyocheza katika ligi kuu kwa takriban mwongo mmoja, uwanja wake ukiwa mwendo wa matatu moja tu kutoka Ngoliba. Nakumbuka mabishano yetu juu yake: kocha huyu ni mwoga, yule ana upendeleo. Mwishoni mwa msimu wa 2018 ikashuka daraja. Nikijihesabu kwa haki, nilikwenda kuitazama mara chache mno, na ulimi wangu uliitembelea mara nyingi kuliko miguu yangu. Leo katika soko letu hakuna anayebishana juu ya kocha wa Thika United. Utulivu huo si wa amani; ni ule wa nyumba iliyohamwa. Timu ikifa, hata lawama hukosa mahali pa kutua.

Nawageukia walimu wenzangu kwa neno la mwisho. Kila mwaka matokeo ya KCSE yanapotangazwa, husikika habari za wazazi waliofunga lango la shule wakitaka mwalimu mkuu ahamishwe kabla ya jua kutua. Niliwahi kufanya kazi katika shule moja, jina nitalihifadhi, ambako wakuu watatu walikuja na kuondoka kabla ya kundi moja la wanafunzi kumaliza masomo. Kila mmoja alipoondoka kulikuwa na shangwe langoni. Maabara ilibaki bila vifaa wakati wa wa kwanza, na ikabaki bila vifaa wakati wa wa tatu. Hakuna mzazi aliyewahi kuomba kuonyeshwa kumbukumbu za bodi. Wazazi wale na sisi mashabiki ni watu wamoja. Tunatoka nyumba zile zile na tumejifunza tabia ile ile. Na watoto wetu wanatutazama. Wakitukuta kila jioni tukitafuta mtu wa kufukuza, hawatajifunza kutafuta chanzo cha jambo.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa vyama vya mijadala shuleni wawape wanafunzi mada hii: ni nani wa kulaumiwa timu inaposhindwa? Wawatake walete miaka, majina na hesabu, wala si kelele. Watagundua kwamba somo la kandanda lina ndani yake uraia, biashara na historia.

Kuhusu yule kijana wa kidato cha tatu, nilikutana naye tena juma lililofuata, nikampa jibu la sehemu ya kwanza ya swali lake. Nilimwandikia majina manane kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lake, pamoja na miaka. Sehemu ya pili, ya nani aliyewaajiri, nilimwambia kwamba jibu lake limo katika daftari la wanachama, na kwamba jina langu halimo humo. Mzee wetu alikuwapo, akasikia. Aliuliza ada hiyo ni shilingi ngapi, na inalipwa wapi.

Nilimwahidi kwamba nitauliza. Na safari hii nitauliza kweli.